Matabishi Ndani ya Kompyuta

Kwa msimu mzima wa mvua niliimba redioni kila asubuhi, na hakuna aliyeniomba niimbe. Sauti yangu ni ya kuita watoto kutoka bondeni, si ya kwaya. Lakini saa kumi na mbili ilikuwa ikifika, maikrofoni iko tayari, antena juu ya kilima iko tayari, watu wa vilima vinavyoizunguka Bihambwe wamekwisha kufungua redio zao, na kompyuta bado inajinyoosha. Ndani yake ndimo ulimokuwa wimbo wetu wa kufungulia, na matangazo, na vipindi vyote vya siku. Kwenye kioo kiduara kidogo kinazunguka, kinazunguka, hakichoki. Basi nafungua kinywa na kuimba wimbo wa kanisani, ubeti baada ya ubeti, na beti zikiisha narudia ule wa kwanza kana kwamba ndivyo ulivyotungwa.

Sokoni walinitania. "Mama, leo uliimba murefu sana, tulifikiri kuko kilio," aliniambia mama mmoja huku akinipimia maharage. Nilicheka kwa meno tu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kila anayenijua anajua, na msimu ule hasira zangu zilikuwa na anwani moja: kile kiduara.

Redio yetu ni ndogo. Ni nyumba ya mbao yenye paa la mabati, chumba kimoja, sola juu na betri ndani. Ni ya wakulima wenyewe, haina tajiri nyuma yake. Kila jioni tunazima kila kitu ili betri zipumzike, kwa hiyo kila asubuhi kompyuta inaanza safari yake upya. Watu wa mjini wanaoacha mashine zao zikisinzia usiku kucha hawaijui shida hii. Sisi yetu tulikuwa tunaizaa upya kila kukicha, na uchungu wake ulikuwa mrefu.

Fundi wetu, mwanaume wa rika langu anayeshughulika na waya na mitambo, alikuwa na maelezo yake. "Dada, ni baridi," alisema. "Angalia moto za huku. Asubuhi unapiga kick mupaka mugulu unauma. Mashini pia iko nasikia baridi."

Maelezo hayo yalituingia akilini sote. Huku kwetu asubuhi ukungu unalala mpaka mlangoni, na kila mwenye moto, yaani pikipiki, anajua kuwa injini iliyolala nje inataka kubembelezwa. Kwa hiyo tulianza kuibembeleza kompyuta. Tuliifunika blanketi jioni. Asubuhi fundi aliwasha mbabula, lile jiko dogo la makaa, akaliweka chini ya meza, na mimi nikaimba huku moshi ukinikaba koo. Mashine ilipata joto, na sisi tukapata kikohozi. Kiduara kiliendelea kuzunguka vilevile. Siku moja umeme ulikatika mchana, jua likiwa kali, na kompyuta ilipowashwa tena ilichukua muda uleule wa kufunguka. Hapo ndipo nilipolitupa lile blanketi nje.

Fundi alibadilisha maelezo. "Basi iko muzee," alisema. "Inafaa kuizika."

Na hapo ndipo ng'ombe alipoingia katika habari hii.

Redio ilipoanzishwa, kila familia ilileta maharage, na maharage hayo yakanunua mtamba mmoja. Ni ng'ombe wa redio. Akizaa dume, dume linauzwa, tunapata betri au waya. Mtunzaji wake ni mjane mmoja tunayemwita Koko, yaani bibi, ingawa wajukuu wake wa damu wako mbali. Zizi lake liko chini kidogo ya studio, na ujira wake ni maziwa. Kila asubuhi saa kumi na mbili, tunapofungua, ndipo anapokamua. Ana redio ndogo aliyoitundika kwa kamba kwenye nguzo ya zizi, imejaa vumbi na kinyesi cha nzi, na inasikika hadi barabarani.

Nikisema mtunzaji nasema kidogo mno. Mwaka ule tulipokimbia vita, kila mtu alibeba alichoweza. Wengine walibeba magodoro, mimi nilibeba sufuria na watoto. Koko na mumewe walishika kamba ya ng'ombe. Walitembea naye hadi kambi ya Kashuga, wakamfunga nyuma ya hema lao, na watoto wengi wa kambi ile walikunywa maziwa yake. Mume wa Koko alizikwa kulekule. Hali ilipotulia kidogo na watu wakaanza kupanda tena kurudi mashambani, Koko alipanda akiwa na ng'ombe peke yake. Nilikuwa nyuma yao njiani. Nilimsikia akimweleza ng'ombe mahali pa kukanyaga.

Jumapili moja baada ya ibada, komiti ya redio ilikutana uani kwa kanisa. Rais wa komiti, ambaye sote tunamwita Papa Président, ni mkulima mwenye maharage mazuri na neno lake halirudi nyuma. Ni mtu wa haki. Tatizo lake ni kwamba akishaamua anafunga masikio kama daftari.

"Batu banalalamika," alisema. "Redio yetu inafunguka kama vile mulevi mwenye iko natafuta ufunguo. Tutauzisha ngombe, tununue mashini mupya. Kuko papa moya wa Hombo, iko natafuta ngombe. Siku ya soko atapita kumuchukua."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya Hombo. Kutoka vilima vyetu vya malisho, ng'ombe wanateremshwa kwa miguu kuelekea Walikale, kwenye msitu, na wengine wanafika mpaka Hombo kwenye barabara kubwa ya biashara. Kule msituni hakuna malisho ya kufugia. Kuna watu wanaotaka nyama. Ng'ombe anayeteremka njia ile anakwenda chunguni, na hakuna aliyewahi kumwona mmoja akipanda kurudi.

Nilisimama. Nilisema maneno mengi, mengine hayafai kuandikwa mtu akitoka kanisani. Papa Président alinisikiliza hadi mwisho, ndiyo heshima yake, kisha akaniuliza, "Mama, uko na dawa ingine? Kama uko nayo, ilete. Tutaisikia."

Sikuwa na dawa. Nilikaa chini.

Koko alikuwa nyuma ya watu. Alifungua kitenge chake cha mabegani, akakifunga tena, akakifungua tena. Tuliporudi pamoja kwa njia ya chini ndipo aliposema. "Ni wa redio. Si wangu. Mimi najua. Lakini mwenye atamupeleka, afungue kamba yeye mwenyewe. Mikono yangu haitafungua."

Nilimbebea kitabu chake cha nyimbo mpaka mlangoni, basi.

Siku ya soko ilikuwa karibu. Jumatatu ile niliimba kwa hasira hadi fundi akapunguza sauti. Kompyuta ilipofunguka hatimaye, dirisha la vipindi likaganda, halisogei mbele wala nyuma. Fundi alikuwa amenifundisha dawa ya hilo: unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, unatokea ukurasa unaoonyesha kila kinachoendelea ndani ya mashine, unachagua kilichoganda, unakizima. Nilibonyeza. Lakini kwa hasira niligusa pasipotakiwa, na ukurasa mwingine ukafunguka. Kompyuta yetu inaongea Kifaransa. Juu iliandikwa Démarrage, kuanza.

Niliangalia. Majina yamepangana kutoka juu hadi chini ya kioo, na mbele ya kila jina neno activé, maana yake inafanya kazi, na pembeni neno linaloonyesha uzito wake wakati wa kuanza. Kwa mengi ya majina yale neno lilikuwa élevé, uzito mkubwa. Élevé, élevé, élevé. Kifaransa changu ni cha shule ya msingi iliyovuja mvua, lakini hilo nililielewa. Hivi vyote vilikuwa vinaamka pamoja na mashine kila asubuhi, kabla yangu mimi, kabla ya wimbo, kabla ya matangazo.

Nikakumbuka zile picha ndogo za kona ya chini ya kioo, karibu na saa. Kila asubuhi nilikuwa nikiziona zikijitokeza moja moja, nyekundu, kijani, bluu. Nilizichukulia kama mapambo, kama yale maua na macho ambayo waendesha moto wanabandika kwenye tangi la mafuta. Kumbe zilikuwa zinapiga hodi, na mashine yetu, kwa adabu zake, ilimkaribisha kila mmoja na kiti chake kabla ya kunigeukia mimi.

"Hizi ni nini?" nilimuuliza fundi.

Alikuja, akainama, akacheka kwa aibu. "Ah, dada. Hizo njo matabishi."

Ni lazima niseme kidogo juu ya matabishi kwa ajili ya wale wasiokaa kwetu. Ukinunua maharage, muuzaji akishajaza kipimo, unabaki umesimama na mfuko wazi mpaka atupie konzi moja juu. Konzi ile ndiyo matabishi. Asiyetoa ni mchoyo, na asiyedai ni mjinga. Inadaiwa kwa maharage, kwa mihogo, kwa makaa, na hata kinyozi atakugusa tena nyuma ya shingo kidogo, bure, ili usiondoke mikono mitupu.

Sasa Papa Président aliwahi kupeleka kompyuta hii Goma, kioo kilipopasuka. Fundi wa kule alitengeneza kioo, akafunga mashine. Papa Président hakuondoka. Alibaki amesimama mbele ya meza na kuuliza, kama anayemuuliza mama wa maharage, "Na matabishi?" Yule mtu hakuwa na cha kuongeza juu ya kioo. Akafikiri, akachomeka ufunguo wake wa kuhifadhia, yaani flash, akamwekea programu. Moja ya kulinda dhidi ya virusi. Moja ya kusafisha. Moja ya michezo. Moja ya kuonyesha hali ya hewa ya mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu amewahi kufika. Papa Président alirudi na furaha, akatuambia mashine imerudi nzito kuliko ilivyokwenda, na sote tukapiga makofi. Safari ya pili alidai tena, na akapewa tena. Nami ninakumbuka kuwa nilipiga makofi kwa nguvu.

Fundi naye hakuwa mtakatifu. Kila kitu alichotafuta kwenye mtandao kilimuuliza maswali, na yeye alijibu Oui, ndiyo, kwa kila swali, kwa sababu kwao walimfunza kutokukatalia mgeni. Nyimbo za kwaya zilipoingia, programu za kuzipakua nazo ziliingia, na ndugu za programu hizo wakaingia, na zote zikaandikwa kuamka asubuhi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa wageni wa miaka, na hakuna aliyewahi kuwapa jembe. Wote walikuwa wanakunywa chai yetu.

Nilicheka. Nilicheka kwanza, kisha nikapiga meza kwa kofi hadi kikombe kikaanguka. "Zizime!" nilimwambia fundi. "Zote!"

Alirudi nyuma. "Zangu, sawa. Lakini zile bintu bya Papa Président, mi sigusi. Alileta mwenyewe. Atasema tumemutupia zawadi yake njiani."

Alisema kweli, na hilo lilinikera zaidi. Hakuna anayechukua konzi ya mtu na kuimwaga mbele ya mlango wake. Tulizima zile za fundi tu. Kumbe si kazi ngumu: unachagua jina, unabonyeza, activé inageuka désactivé. Programu haitoki. Inabaki ndani, ukiihitaji unaiita, ila haiamki tena bila kuitwa. Fundi alizima zake moja moja huku akizipa pole.

Kesho yake, siku moja kabla ya soko, niliingia studio. Tuliwasha. Nikaanza kuimba. Msimu wote ule nilikuwa nikimaliza wimbo mzima na kuurudia. Asubuhi hiyo, katikati ya ubeti wa tatu, kioo kilifunguka. Si upesi, lakini ubeti wa tatu! Fundi alinyanyua mikono juu kama mtu aliyefunga bao. Mimi nilisoma matangazo ya siku hiyo kwa sauti ya kucheka, hata tangazo la mbuzi aliyepotea.

Redio ilipofunga kipindi cha asubuhi, niliteremka kwa Papa Président. Alikuwa uani na mkewe wakichagua mbegu za maharage, zilizotobolewa huku, nzima huku. Njiani nilikuwa nimejipangia maneno ya upole. Nilipofika mbele yake yote yalikimbia.

"Papa Président, matabishi yako njo inatuua," nilisema.

Mkewe aliacha kuchagua. Papa Président aliweka mbegu chini polepole. "Mimi njo nilitembea nayo mpaka Goma," alisema. "Nililala kwa batu. Nilirudisha bintu bya bure kwa ajili yenu. Leo munasema ni takataka?"

Nilivuta pumzi. Ilinibidi nimfikirie Koko na kile kitenge chake, kufungua na kufunga, ndipo ulimi wangu ulipokubali kutulia. "Hapana, Papa. Hakuna mwenye anabitupa. Tunabilalisha tu. Bitabaki ndani. Siku tutabihitaji, tutabiamsha. Sasa byote bikiamuka pamoja asubuhi, mashini inakosa mikono. Kuya uone."

Mkewe, Mungu ambariki, alisema bila kumtazama, "Kuona hakuna mubaya."

Basi mumewe alipanda nami hadi studio. Fundi alimpa kiti, akamfungulia ule ukurasa. Papa Président alivaa miwani na kusoma kila jina kwa kidole, kama anayetambua watoto wake katika picha ya shule. Hii ya hali ya hewa ilale. Hii ya michezo ilale, hata yeye hakuwahi kuicheza. Hii ya kusafisha, ilikuwa imesafisha nini? Ilale. Alikuwa anaanza kufurahia. Mwisho walibaki wawili, programu za kulinda dhidi ya virusi, moja kutoka safari ya kwanza, nyingine kutoka safari ya pili, na zote zimeandikwa élevé.

"Hizi hapana," alisema. "Hizi ni walinzi. Mulinzi halalake."

Fundi alikohoa. Alieleza kwamba kulalisha walinzi kwa njia ile haiwezekani hata tukitaka, na kwamba mlinzi mmoja kweli anahitajika, lakini hawa wawili kila asubuhi wanapekuana. "Sawa barrière mbili za askari mu njia moya, Papa. Hii inasimamisha ile, ile inasimamisha hii, na mupita njia iko nangojea na muzigo wake ku kichwa. Moya inafaa itoke kabisa."

Itoke. Neno lenyewe lilikuwa hilo, lile nililomwahidi kuwa halitatokea. Niliangalia sakafu.

Papa Président alivua miwani. Halafu nikaona uso wake unabadilika, kwa sababu kompyuta hakuijua sana, lakini mifugo aliijua tangu utotoni. "Mafahali wawili," alisema, kwa Kiswahili kile cha kitabuni alichofundishwa shuleni na wamisionari, "hawakai zizi moja." Kisha akageuka. "Mbona hamukunielezaka vile tangu mwanzo? Toa ile nyekundu. Bakiza ya kijani."

Ya kijani ndiyo fundi aliyoitaka ibaki. Alishukuru kimoyomoyo, akaitoa nyekundu, akaizima mashine ili aiwashe upya. Lakini betri zilikuwa zimechoka na mawingu, tukalazimika kufunga kabla ya kujua mwisho. Papa Président alisimama mlangoni.

"Nilimupatia papa wa Hombo neno langu," alisema. "Kesho asubuhi nitakuwa hapa. Kama mashini inafunguka mbele ubeti wa kwanza iishe, ngombe atabakia. Kama haifunguke, atashuka. Tumesikilizana?"

Tulisikilizana. Nilimpitia Koko nikamwambia kama nilivyoambiwa, bila kuongeza asali. Alitikisa kichwa. "Basi chagua wimbo murefu," alisema.

Asubuhi ya soko mvua ilikuwa imekatika. Mnunuzi wa Hombo alikwisha kufika, mtu mpole mwenye buti za mpira, amekaa kwenye jiwe nje ya studio na kamba mpya imeviringishwa kwenye goti lake. Nilimsalimia. Haikuwa kosa lake, naye alikuwa akitafuta mkate tu. Kutoka chini nilisikia redio ya Koko ikitoa ule mvumo wa hewa tupu, tayari kwenye nguzo yake.

Papa Président aliketi nyuma yangu. Fundi alibonyeza. Nilisogeza maikrofoni, na nakiri kuwa nilimfuata Koko: nilichagua wimbo wenye ubeti wa kwanza mrefu kuliko nyimbo zote za kitabu chetu. Nikaanza. Nilivuta kila neno. Macho yangu yalikuwa kwenye kiduara. Kilizunguka mara kadhaa, kikasita, na kikaondoka. Kioo chote kikafunguka, wazi, kimetulia, na pale kwenye kona karibu na saa picha moja tu ya kijani. Fundi aligusa mara moja na wimbo wetu wa kufungulia, ngoma na zumari, ukalipuka juu ya sauti yangu kabla sijafika nusu ya ubeti.

Sikumaliza neno. Nilibaki na kinywa wazi hewani, vilima vyote vinanisikia nikihema. Kisha nililia. Sikuona aibu yoyote. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu Jumapili kilishuka chote kwa pamoja, na fundi akalazimika kusoma tangazo la kwanza.

Kupitia dirishani nilimwona Papa Président akienda kwa mnunuzi. "Papa, unisamehe," alimwambia. "Mashini yetu imepona."

"Mimi natafutaka ngombe, si mashini," yule alijibu, lakini alicheka, akakubali kikombe cha chai, akaenda kujaribu kilima kingine na kamba yake.

Nilikimbia chini zizini. Koko alikuwa amesimama na ndoo mkononi, kichwa chake kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Alikuwa amesikia ngoma na zumari zikiingia, akaelewa. Hakulia, mimi ndiye niliyelia tena. Aliniambia, "Nyamaza, utamutisha." Ndoo ilikuwa karibu tupu. Siku ile ng'ombe hakutoa maziwa ya maana, na Papa Président aliposikia alisema kwamba mnyama alikuwa amepata habari za Hombo, ndiyo maana.

Lakini kesho yake hakutoa, na keshokutwa. Redio ilifunguka saa kumi na mbili kamili, kilima kizima kikatusifu, sokoni hakuna aliyenitania, nami nikakaa kwenye kiti changu nikinywa chai kama mke wa chifu wakati mashine ikifanya kazi yake. Ndipo Koko alipopanda mwenyewe hadi mlangoni kwa studio, ndoo mkononi. Yeye hapandi pale bila sababu.

"Mutoto wangu," alisema, "ngombe iko nakatala maziwa. Ndama wake anamunyonya, yeye anasimama tu, anaangalia redio. Hizo zumari yeye hazijui. Msimu wote huu, wewe njo ulimukamuisha."

Fundi aliinama juu ya meza kwa kicheko. Mimi nilimtazama Koko ili nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Kwa hiyo naimba. Saa kumi na mbili inafika, kompyuta iko wazi zamani, wimbo umepangwa na matangazo yamepangwa, na fundi ameweka kidole chake tayari. Naimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, taratibu, mpaka nisikie kutoka chini Koko akigonga ndoo kwa fimbo, ishara kwamba imejaa. Siku hizi mashine ndiyo inayoningojea mimi.